Marehemu Tisa wa Kata ya Mpingoni

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Jina lake lilipelekwa kwenye tume ya kupitia majina, na tume bado inakaa vikao. Haipo kwenye ramani, na wakubwa wake wameapa kwamba haimo hata katika hadithi hii. Kwa hiyo, msomaji, ukiona mahali panafanana na kwenu, laumu macho yako. Mimi ni mjaza fomu tu, na juu ya hayo ni marehemu.

Jina langu ni Masanilo. Nina kibanda kando ya soko la Mpingoni, chenye kompyuta moja, mashine ya kutoa kopi na kiti kimoja cha mteja. Kwetu mtoto akimaliza kidato cha sita haombi chuo kwa barua. Anaomba kwa Mfumo. Mfumo uko makao makuu, hakuna aliyewahi kuuona, ila wenyewe unatuona sote. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza nao kwa niaba ya kata nzima, maana nilisomea upigaji chapa na nina subira ya kungoja kurasa zifunguke.

Mwaka ule Waziri wa Elimu ya Juu na Juu Zaidi alihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imegundua kwamba watoto ni wengi na nafasi za vyuo ni chache. Wapo waliopendekeza tujenge vyuo. Tumewasamehe. Sisi tumekuja na suluhisho la kudumu, nalo ni huruma. Kuanzia leo kila kata itapewa nafasi tisa, na nafasi hizo ni za watoto waliofiwa na baba. Wenye baba watangoja awamu ya kumi na nne."

Mwandishi mmoja akauliza awamu ya kumi na nne ni lini. Waziri akamjibu kwamba swali hilo litashughulikiwa katika awamu ya kumi na tano.

Wahenga walisema kufa kufaana. Serikali yetu ndiyo ya kwanza duniani kuutungia kanuni msemo huo, na nilijivunia sana, mpaka nilipokumbuka kwamba nina mtoto aliyemaliza kidato cha sita na kwamba niko hai.

*

Katika kata yetu waliomaliza na kufaulu walikuwa kumi. Tisa walikuwa na baba. Wa kumi alikuwa Nyamizi.

Baba yake Nyamizi, Mzee Sizya fundi baiskeli, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa homa ya mapafu. Alifia kwenye benchi la zahanati akimsubiri daktari ambaye nafasi yake ilikuwa imetangazwa tangu miaka sita nyuma. Tangu siku ile binti akaacha kusema atakuwa mwalimu, akawa anasema atakuwa daktari. Alikuwa anaishi na bibi yake, Bibi Kalunde, na matokeo yake yalikuwa divisheni wani ya pointi tatu, ambayo ni ya juu kabisa, juu yake hakuna kitu isipokuwa Waziri.

Yeye ndiye aliyefika kibandani kwangu wa kwanza, asubuhi na mapema, na cheti halali cha kifo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Baba Yusto. Nimekuja kuomba udaktari."

Nilimjazia fomu vizuri, sikuacha hata mstari. Nilimwambia, "Wewe, mwanangu, umeshapita. Anza kutafuta begi." Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Moyo ulikuwa bado mweupe asubuhi ile.

Mchana akaja Mzee Kitundu mwenye bucha, mtu wa kilo mia moja na kitu, amemshika mkono binti yake. Akakaa kwenye kiti cha mteja, kiti kikalia.

"Masanilo," akasema, "niue."

"Mzee Kitundu, wewe u mzima!"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Niue, ila nitafutie ugonjwa wa heshima. Usiniandikie kuharisha. Weka shinikizo la damu, wanakufa nalo wakubwa."

Nilisita kidogo. Nasema hivyo ili mnifikirie vizuri, lakini kusita kwenyewe kulikuwa kwa muda wa kompyuta kuwaka. Nikamuua. Kesho yake wakaja watatu, wote wakasema, "Nijazie kama ya Kitundu." Keshokutwa wakaja wanne. Zikawa nafasi nane, na zote zimekwisha kufiwa.

Jioni nilifunga mlango wa kibanda, nikafungua fomu ya mwanangu Yusto, aliyetaka udaktari naye. Nikafika penye swali la baba. Kisha nikajiandika: Masanilo, amefariki, shinikizo la damu.

Tisa na Nyamizi ni kumi. Nafasi ni tisa. Hesabu hiyo nilikuwa naijua nilipobonyeza kitufe cha kutuma. Nilijiambia kwamba Mfumo una akili, na mwenye cheti cha kweli hawezi kuachwa. Mtu akitaka kufanya baya hakosi pa kuweka matumaini.

*

Vyeti vya kifo havikutusumbua. Mtendaji wa kata alikuwa mtu makini, na kwa kuzuia udanganyifu alibandika tangazo mlangoni: MAREHEMU AFIKE MWENYEWE NA KITAMBULISHO CHAKE. HATUPOKEI WAWAKILISHI. Basi tukapanga foleni, marehemu tisa, kila mmoja na kitambulisho chake, tukaapishwa kwamba tumekufa.

Lakini Wizara haikuridhika na karatasi. Ikamtuma Bwana Chikoti, Mhakiki wa Vifo, mwanamume mwembamba mwenye kamera shingoni na njaa ya kudumu. Kanuni aliyokuja nayo ilikuwa moja: kifo cha kweli huonekana kwa watu. Kila msiba uwe na turubai, uwe na chakula, na picha ionyeshe waombolezaji wasiopungua hamsini.

Kata ikafanya misiba tisa kwa siku tisa. Nimeishi Mpingoni miaka yote na sijaona umoja kama ule. Watu walihama na sufuria zao kutoka ua hadi ua, mikeka haikukunjwa. Na sasa nieleze jambo ambalo watu wa mbali hawataelewa: kwetu kukosa msiba wa jirani ni aibu ambayo mtu haioshi maisha yake yote. Utaugua peke yako, utajenga peke yako. Kwa hiyo ilipofika siku ya msiba wa Mzee Kitundu, tulimshauri ajifiche nyumbani kwa shemeji yake, akakataa katakata.

"Nisionekane msibani? Watu watasemaje?"

Akaja. Tena ndiye aliyekata nyama ya pilau. Bwana Chikoti akamwona jinsi anavyochangamka na panga, akamsogelea.

"Wewe nani katika msiba huu?"

"Mimi ndiye marehemu," akajibu Mzee Kitundu, ambaye hajui kudanganya uso kwa uso.

Sote tuliacha kutafuna. Bwana Chikoti akafungua faili, akalinganisha kitambulisho na cheti, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Pole sana, mzee wangu," akasema, na akaandika. Baadaye nilichungulia ukurasa ule. Ilikuwa imeandikwa: Marehemu ameshiriki kikamilifu.

Nilimuuliza, kwa heshima, kama haoni jambo lolote la ajabu. Alikuwa kwenye sahani ya pili.

"Mimi sihakiki watu," akaniambia. "Watu wanadanganya. Nahakiki nyaraka na mahudhurio. Hebu nisogezee kachumbari."

*

Msiba wangu ulikuwa wa tisa. Kufikia siku hiyo kata ilikuwa imechoka, sauti zimekauka, na watu walikuwa wanaomboleza huku wakipiga miayo. Mke wangu alikuwa amenuna tangu asubuhi.

"Kukaa mkekani nitakaa," alisema. "Kulia sitalia. Mume mwenyewe namwona pale anakula."

Bwana Chikoti akazunguka turubai mara mbili na kamera yake. "Mahudhurio safi," akasema, "ila hapa hakuna chozi. Kanuni mpya imeingia jana: chozi moja kwa uchache. Bila chozi kifo hiki nitakiandika kuwa cha mashaka."

Nikaingiwa na hofu. Yusto alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa, na huyo naye si mtu wa kulia. Kina mama wakaanza wimbo wa maziko, ule wa kumuaga baba anayekwenda safari ndefu. Wakaimba kwa uvivu tu, ili siku iishe.

Nyuma ya nyumba, penye masufuria, Nyamizi alikuwa anaosha vyombo. Alikuja misiba yote tisa kuteka maji na kuosha vyombo, kwa sababu jirani ni jirani. Wimbo ulipofika penye neno baba, sufuria likamtoka mkononi. Akaketi chini kwenye matope akalia. Hakulia kama watu walivyokuwa wakilia siku zile. Alilia kwa kujishika tumbo, akimwita baba yake mpaka wimbo ukakatika wenyewe.

Bwana Chikoti akakimbia na kamera. Akapiga picha sita.

Niliziona zile picha. Niliona vilevile alivyoandika chini ya jina langu: Machozi, ya kutosha. Ningeweza kusema, "Bwana, huyo si wa kwangu, huyo analia wa kwake." Ni maneno machache. Badala yake nilimwambia mke wangu ampakulie Bwana Chikoti pilau ya kufunga aende nayo njiani.

*

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Tisa wamechaguliwa. Yusto kapata udaktari, akatakiwa kuripoti chuoni wiki hiyo hiyo, na kata ilipiga vigelegele, na marehemu tulikumbatiana hadharani.

Nyamizi alikuja na barua yake nimsomee, ingawa anasoma vizuri kuliko mimi. Nadhani alitaka isomwe na mtu mzima, labda ingebadilika. Ilisema hivi:

"Wizara imepokea ombi lako kwa masikitiko. Baada ya uhakiki imebainika kwamba kifo cha mzazi wako hakikupata mwitikio wa kutosha. Hakuna picha. Waombolezaji waliotajwa ni saba, wakiwemo wachimba kaburi. Wizara inakushauri siku nyingine ujiandae mapema. Hata hivyo, iwapo nafasi itapatikana katika kata yako kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, utaipokea wewe bila uhakiki mwingine."

"Saba ni kweli, Baba Yusto," akasema. "Walikuwa saba."

Najua kwamba walikuwa saba. Siku aliyozikwa Mzee Sizya, kata nzima iliamriwa kupanga mstari barabarani kwa sababu Waziri atapita. Tulisimama tangu asubuhi na vibendera vya karatasi. Msafara ulipita saa nane kwa kasi, vioo vyeusi, ukatuachia vumbi, nasi tukaupungia. Tulisema tutakwenda kuhani jioni. Jioni miguu ilikuwa inauma. Kesho yake kila mtu akaona aibu kwenda amechelewa, na aibu ile ikatufaa kwa kutokwenda kabisa. Mimi nyumba yangu na yao zinatazamana.

Sikumwambia lolote la hayo. Nilimwambia, "Hebu tuone Ijumaa."

Usiku mzima ule neno "iwapo nafasi itapatikana" lilinikaa kichwani. Nafasi haianguki kutoka mbinguni. Ili ipatikane ilibidi mmoja wa marehemu tisa afufuke.

Niliitisha kikao buchani kwa Mzee Kitundu. Tulikaa tisa, nikaeleza. Hakuna aliyepinga. Wote waliunga mkono ufufuo kwa moyo wa dhati. Mmoja akasema afufuke mwenye mtoto mwenye alama ndogo, mwenye mtoto mwenye alama ndogo akasema afufuke mwenye afya mbovu maana hatadumu sana, mwenye afya mbovu akakohoa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Masanilo," akasema Mzee Kitundu mwishowe, akifuta kisu, "wewe ndiye uliyetuua. Na wewe ndiye jirani yao."

Nikaenda kwa Bibi Kalunde, nikamwambia nakwenda makao makuu kufuatilia suala la mjukuu wake. Sikumwambia nakwendea nini hasa. Nilitaka iwe ajabu njema.

"Mungu akutangulie, mwanangu," akasema yule bibi. "Hakuna mwingine aliyejisumbua."

*

Wizara ya Elimu ya Juu na Juu Zaidi ina ghorofa kumi na tano, na lifti hufanya kazi kuanzia ghorofa ya saba kwenda juu. Ijumaa ile nilielekezwa dirisha la kumi na moja, Kitengo cha Wafu Wanaorejea. Alikuwepo dada mmoja mwenye miwani, anakula karanga.

"Nisaidie, dada yangu. Mimi niliandikwa nimekufa, na niko hai."

"Unalalamika au unapongeza?"

"Nataka kufufuka ili nafasi ya mwanangu aipate binti wa jirani."

Akaacha karanga. Akanitazama kwa muda kama mtu anayetazama noti asiyoijua. Kisha akavuta fomu.

"Miaka minne nipo dirisha hili," akasema, "hajawahi kufika mtu. Fomu hii hata sijui ina kurasa ngapi. Haya, jina? Tarehe ya kufa? Sawa. Sahihi yako siwezi kuipokea, mzee wangu, marehemu hana sahihi. Anayetakiwa ni mrithi. Mwanao akutambue kwamba u hai. Mpigie hapa hapa, weka sauti nisikie. Akisema 'namtambua,' nagonga muhuri, na yule binti anapata nafasi leo leo. Una dakika kumi na mbili."

Akachukua muhuri, akaupuliza vumbi, akauweka juu ya karatasi akingoja.

Nilipiga simu.

"Baba!" Sauti ya Yusto ilijaa dirisha lote. "Baba, leo tumepewa makoti meupe! Nimepiga picha, namtumia Mama. Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, mbele nyuma, nyuma mbele, lakini alinielewa. Nikasikia wenzake wakicheka mahali fulani nyuma yake, kisha nikasikia mlango ukifungwa na kelele zikaisha.

"Ni nafasi ya Nyamizi," akasema.

"Ndiyo."

"Yeye ndiye aliyenifundisha kemia, Baba. Mwaka mzima. Mimi nilikuwa siambulii kitu."

Sikujua hilo.

"Basi sema wewe," Yusto akasema taratibu. "Ukitaka nikutambue, nakutambua sasa hivi, na kesho niko nyumbani. Sitakulaumu hata siku moja. Ukisema nisome, nitasoma. Wewe ni baba yangu. Sema tu, Baba."

Nimejaza fomu za watu maisha yangu yote, na sijawahi kukutana na swali rahisi kama lile. Muhuri ulikuwa pale. Binti wa watu alikuwa anangoja. Mwanangu mwenyewe alikuwa amenifungulia mlango na kuushikilia. Ningekuwa na mtoto mkaidi ningekuwa na wa kumsingizia leo.

Nilimwona katika lile koti jeupe, ambalo sijaliona.

"Soma, mwanangu," nikasema. "Mimi hali hii nimeshaizoea."

Akasema, "Haya, Baba," kwa sauti ndogo, na simu ikakatika. Sijui ni yeye aliyekata au ni mimi.

"Kwa hiyo, mzee?" dada akauliza.

"Niache nilivyo."

Akatazama saa ukutani, akarudisha muhuri kwenye kisanduku. "Marehemu apumzike kwa amani," akasema bila kejeli yoyote, na akavuta pazia la dirisha.

*

Nilifika Mpingoni Jumamosi mchana. Nilitaka kupita nyuma ya soko niingie kwangu kimya kimya, lakini walikuwa wameketi nje, bibi na mjukuu, wanangoja. Nyamizi akasimama.

"Shikamoo, Baba Yusto. Walisemaje?"

Njia nzima nilikuwa nimejipanga kusema kweli. Nilikuwa na hotuba. Nilifungua mdomo na nikasikia maneno mengine yakitoka, yale ambayo katika nchi yetu kila mtu huyapokea bila kuuliza.

"Mfumo umekataa," nikasema.

Akainamisha kichwa. Halafu akafanya jambo ambalo ningelipa chochote asilifanye: alinipa pole.

"Basi, Baba. Umehangaika sana kwa ajili yangu. Safari yote ile. Mfumo si kosa lako."

"Mgeni haondoki hivi hivi," akasema Bibi Kalunde. "Mtu kaniendea mpaka makao makuu, aondoke na njaa?"

Nilikataa. Nilisema nimeshiba, nilisema tumbo linauma, nilisema mke wangu ananingoja. Hawakunisikia. Alikuwepo kuku mmoja tu uani, wakamkamata yeye. Nyamizi ndiye aliyemnyonyoa na kumpika, na mimi nikaketi kwenye kiti kilichokuwa cha Mzee Sizya, maana hakukuwa na kingine, nikiitazama nyumba yangu ng'ambo ya njia.

Chakula kilipokuja, bibi akachukua bakuli dogo akaniwekea mbele yangu. Ndani yake ilikuwa firigisi peke yake. Kwetu firigisi haigawanywi. Ni ya mwanamume mwenye nyumba.

"Tangu afariki baba yake tumekuwa tukiiuza na kuku mzima, haina mwenyewe," bibi akasema. "Leo ipo mahali pake. Kula, mwanangu."

Nyamizi akanimiminia maji mikononi, nikanawa. Wakanitazama wote wawili, wakitabasamu kwa heshima, wakingoja nianze.

Nikala.